Njia tuliyoiona msituni Amani: ni reli ya Mjerumani au siyo?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Muheza, nafundisha jiografia na nalea klabu ya wanafunzi. Mwezi uliopita, tukiwa Amani tunaelekea upande wa mashamba ya chai, tuliona msituni njia iliyonyooka kama imepigwa pasi, upana kama mita nne, imekata ubavu wa mlima. Wazee wanasema hiyo ndiyo reli ya Mjerumani ya kusombea magogo, kwamba treni ilifika hadi Amani, na kwamba kabla ya kukimbia vita walifukia dhahabu kwenye handaki lake. Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli, nayo inasemekana ilitoka huko huko. Sasa amejitokeza bwana mmoja mwenye mashine ya kutambua madini, anataka kufuatana nasi bila malipo. Mimi nia yangu ni kuwatembeza vijana wa kidato cha tatu njia yote, kutoka Sigi hadi Tengeni. Je, ile ni reli kweli? Kuna hatari gani? Na huyu bwana tumkubali?"

Marahaba, mwalimu. Umeuliza maswali matatu, lakini naona linalokusumbua ni moja: hutaki kuwapeleka watoto wa watu msituni kufuata hadithi. Wasiwasi huo ni wa haki. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi kupima njia za reli, na hizi zilizokufa ndizo zilizonifundisha unyenyekevu, kwa hiyo nitakujibu taratibu.

Reli ilikuwepo, wazee hawakutunga. Ilianza kujengwa mwaka 1904 na kukamilika 1910, ikimhudumia mvunaji wa mbao wa Kijerumani aliyekuwa na msitu katika bonde la Sigi, mto ambao wengi wetu tunauita Zigi. Ilichepuka kutoka reli kubwa ya Tanga pale Tengeni, ikaingia milimani karibu kilomita 24 hadi Sigi. Upana kati ya reli na reli ulikuwa milimita 750, wakati reli ya Tanga ni mita moja kamili. Maana yake behewa la Sigi halikuweza kuendelea hadi bandarini. Pale Tengeni kila gogo lilishushwa na kupakiwa upya. Mkifika Tengeni na vijana, waulizeni wenyeji kama kuna uwanja mpana usio na sababu karibu na stesheni. Kazi ya namna hiyo haifanyiki bila nafasi.

Lakini treni haikufika Amani. Iliishia Sigi, chini, na hapo ndipo nyumba ya stesheni masta ilipo mpaka leo. Ndiyo kituo cha wageni cha hifadhi ya Amani. Kutoka Sigi kwenda Amani watu na mizigo walipanda kwa barabara. Kwa hiyo mlichokiona huko juu karibu na chai, kwa maelezo yako, sidhani kama ni reli. Najua hilo litawavunja moyo vijana, ila sababu yake ni somo zuri kuliko hata kuikuta reli yenyewe.

Gurudumu la treni ni chuma, na reli ni chuma. Chuma juu ya chuma kinateleza, na ndiyo faida yake: mzigo ambao punda kumi hawauwezi, kichwa kidogo cha treni kinauvuta kwenye tambarare bila kutoa jasho. Lakini elekeza njia ile ile mlimani, faida inageuka balaa. Gurudumu linazunguka pale pale, hasa asubuhi reli ikiwa na umande au majani yamesagika juu yake. Kushuka ndiko kubaya zaidi, kwa sababu gogo la mvule lenye tani kadhaa mgongoni halisikilizi breki. Ndiyo maana mjenzi wa reli ya mlimani anabembeleza mlima. Kupanda mita moja kwa kila mita 25 za urefu tayari ni mwinuko mkali kwa reli ya aina hii, wengi walijitahidi kukaa chini ya hapo. Sasa wape wanafunzi hesabu: Sigi iko takriban mita 450 kutoka usawa wa bahari, Amani ni takriban mita 900. Tofauti mita 450, zidisha kwa 25, unapata zaidi ya kilomita 11 za njia inayopanda bila kupumzika hata mara moja, kwenye ubavu uliojaa makorongo. Kwa kampuni ya magogo, fedha hiyo isingerudi.

Ukitaka kuona walifanya nini mlima ulipowakatalia kabisa, nenda Usambara Magharibi. Kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa inakata miti ya mwangati huko Shume, na badala ya reli wakafunga waya: magogo yalishuka yakining'inia hewani hadi stesheni ya Mkumbara. Waya huo uliundwa na Bleichert wa Leipzig, mafundi waliokuwa wakijenga njia za namna hiyo kila pembe ya dunia. Lakini hiyo ni safari nyingine, na magoti yangu hayaitaki tena.

Sasa, kama si reli, mliona nini? Usambara Mashariki imechongwa mara nyingi. Kuna barabara za Wajerumani wenyewe, kuna barabara za mashamba ya chai, na kuna njia za matrekta ya kuvuta magogo kutoka wakati msitu ulipovunwa kwa mashine, miaka ya 1970 hadi mwishoni mwa miaka ya 1980. Zote hizo leo zimeota miti na zote zinaonekana za kale. Mwenyewe niliwahi kufuata moja nusu siku nzima, kifua mbele, nikiwaeleza wenzangu jinsi wahandisi wa zamani walivyokuwa na akili, mpaka tukatokea kwenye banda la kukusanyia majani ya chai. Kijana aliyekuwa ametubebea maji alijua tangu mwanzo. Hakutaka kunikatiza.

Tangu siku hiyo natembea na ubao. Chukua ubao ulionyooka wenye urefu wa sentimita 250, na pimamaji ya fundi mwashi. Laza ubao kwenye njia kufuata urefu wake, ncha ya juu iguse ardhi, kisha inua ncha ya chini mpaka kipovu kikae katikati. Pima nafasi kati ya ncha hiyo na ardhi. Ikiwa sentimita 10, mwinuko ni moja kwa 25. Ikiwa 5 au 6, mapigo ya moyo yanaruhusiwa kupanda. Ikiwa 20 au 30, hakuna treni ya kawaida iliyowahi kupita hapo, hata mzee aape kwa jina la babu yake. Rudieni kila hatua hamsini, mara kumi hivi, kwa sababu maji ya mvua huchimba hapa na kujaza pale. Kipimo kimoja hakisemi kitu. Programu ya simu ya kupima mwinuko iacheni. Moja kwa 25 ni kama nyuzi mbili na kidogo tu, na simu ikiegemea kijiwe inakudanganya kwa kiasi hicho hicho.

Ishara ya pili ni kona. Barabara inaweza kugeuka ghafla kama kiwiko, lori likarudi nyuma kidogo na kuendelea. Reli haiwezi. Kona yake ni ndefu, ya upole, na hata reli nyembamba ya milimita 750 inahitaji makumi ya mita kugeuka. Ishara ya tatu ndiyo naipenda zaidi: mkato na tuta hufuatana. Mjenzi alikata kinundu cha mlima, udongo ule ule akausukuma kujaza bonde dogo lililofuata. Kwa hiyo ukitembea kwenye reli halisi unapita katikati ya kuta mbili za udongo, hatua chache mbele unajikuta uko juu ya mgongo, kulia bonde kushoto bonde, halafu tena ndani ya mkato. Mtembea kwa miguu asingejisumbua hivyo, angeshuka bondeni na kupanda. Chini ya tuta tafuteni kalvati, yaani kijidaraja cha kupitisha maji, jiwe lililopangwa kwa mkono, maji bado yanapita. Mita nne ulizotaja nazo zinanipa shaka. Njia ya milimita 750 iliyochongwa ubavuni hutosheka na mita mbili na nusu au tatu, na baada ya miaka mia udongo unaoporomoka huipunguza, hauiongezi.

Na mkiwa kwenye njia halisi mkaona tuta linaishia hewani, kwenye ukingo, msidhani limemezwa na maporomoko. Reli za magogo mara nyingi zilipanda kwa zigizaga. Treni iliingia kwenye kipande kifupi kisichokwenda popote, ikasimama, mtu akabadilisha swichi, yaani kipande cha reli kinachogeuza njia, ikatoka kinyumenyume kwenda juu upande mwingine. Rudini nyuma hatua hamsini, angalieni ubavu wa juu yenu.

Tuje kwenye kengele. Hapa pia niwe mkweli kabla sijawa mpole: Muheza ni nchi ya mkonge, na mashamba ya mkonge yalikuwa na reli zao ndogo za troli za kusombea majani. Vipande vya reli vinavyolia kwenye miembe ya shule nyingi za Tanga vilitoka huko kwa urahisi zaidi kuliko msituni. Lakini kengele yenu inaweza kuhojiwa. Pimeni urefu wake kwa futi kamba, kisha uzito wake kwenye mizani ya muuza mahindi, gawanyeni mpate kilo kwa kila mita. Ikitoka kilo 7 hadi 10, ni troli ya shambani kwa uwezekano mkubwa. Ikitoka karibu na kilo 30, ni reli ya njia kuu ya siku za karibuni. Kati ya hapo ndipo patamu, na ndipo pagumu, kwa sababu reli za njia kuu za mwanzo nazo zilikuwa nyepesi.

Halafu isugueni ubavuni, sehemu nyembamba ya katikati, kwa brashi ya nguo na maji tu, si msasa. Subirini jioni mmulike tochi kwa ubavu, mwanga ulale juu ya chuma. Viwanda vilikandamiza jina na mwaka kwenye chuma kikiwa bado chekundu, herufi zinavimba kidogo kama kovu. Mkisoma Krupp au Bochum na tarakimu za mwaka, pigeni picha. Ila mwaka huo ni wa kuzaliwa kwa chuma, si wa kujengwa kwa njia. Reli huhamahama. Zinang'olewa hapa, zinalazwa kule, zinakuwa nguzo ya banda la mbuzi, zinakuwa kengele. Na kipande kimoja cha reli hakiwezi kukuambia upana wa njia. Kinachosema upana ni taruma, ile boriti ya kukingama inayobeba reli zote mbili. Wajerumani walipenda mataruma ya chuma katika makoloni yao kwa sababu mchwa wetu hawana adabu na mbao, na matundu yake yanaonyesha reli mbili zilikaa umbali gani. Mkiona taruma la chuma kwenye uzio wa mtu, ombeni ruhusa mpime: milimita 600 ni troli, 750 ndiyo mnayoitafuta, 1000 ni ya Tanga.

Hiyo hiyo kuhamahama ndiyo inajibu habari ya hazina. Watu husimulia kama kwamba Wajerumani waliamka usiku mmoja wakakimbia. Haikuwa hivyo. Waingereza walishindwa Tanga Novemba 1914, wakaiingia Julai 1916. Kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu reli ya Usambara, hii hii ya Tanga, ilikuwa bado mikononi mwa Wajerumani, wakijiandaa. Na walichokihesabu kuwa mali katika muda huo ni chuma chenyewe: waling'oa reli nyepesi za mashambani, wakazilaza kutoka Mombo kwenda Handeni ili wapate njia ya kurudi nyuma na shehena zao. Mtu anayebeba hata reli mgongoni hafukii dhahabu kwa kusahau. Dhahabu ya kweli ya vita ile inajulikana ilikotoka na ilikokwenda. Ilichimbwa Sekenke, ikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo huko Tabora mwaka 1916, kwenye Reli ya Kati, mbali kabisa na Sigi. Nadhani mbegu ya hadithi nyingi iko kwenye sarafu zile.

Handaki nalo sahau. Handaki ni ghali kuliko kilomita nyingi za kuzunguka, na kampuni ya magogo ilizunguka.

Kuna dhahabu nyingine, na hii inanihusu zaidi kwa sababu ya usalama. Kuanzia mwishoni mwa 2003 wachimbaji wadogo walivamia vijito vya Usambara Mashariki, ndani na nje ya hifadhi. Dhahabu ile iliwekwa na Mungu kwenye miamba, hakuna Mjerumani aliyehusika. Mashimo wanayochimba hufunikwa na majani ndani ya msimu mmoja. Kwa mtoto anayekimbia mbele ya wenzake kufuata tuta, shimo la namna hiyo ni baya kuliko nyoka.

Kwa hiyo bwana mwenye mashine: hapana. Mkataeni kwa heshima, lakini mkataeni. Ndani ya hifadhi ya Amani kuchimba au kuondoa kitu bila kibali ni kosa, na atakayeulizwa ni mwalimu aliyeongoza msafara. Hata nje ya hifadhi, kuchimba mabaki ya kale kuna sheria na leseni yake. Lakini tuseme sheria haipo. Mashine ile italia kila penye msumari wa reli, naye atachimba kila inapolia, na reli hii kwa sasa haina kingine zaidi ya umbo la udongo wake. Ukichimba mashimo thelathini kwenye tuta umeua kitu cha mwisho kilichobaki. Na mtu anayekuja "bila malipo" na mashine ya mamilioni, mwalimu, wewe na mimi tunajua malipo yake yatatoka wapi. Akianza kuzungumzia mnunuzi aliyeko Dar, au kuomba mchango wa mganga wa kufungua njia, nenda kituo cha polisi siku hiyo hiyo.

Sasa safari yenyewe. Njia yote kutoka Sigi hadi Tengeni sikushauri na wanafunzi. Kilomita 24 kwenye ramani, kwenye njia iliyokatika, ni siku mbili au tatu za kupasua vichaka, na nusu ya muda mtakuwa kwenye mashamba ya watu, ya iliki, mikarafuu na michungwa, mkieleza kwa kila mwenye shamba kwamba hamkuja kupima ardhi. Usicheke, swali hilo limewahi kunitoa jasho. Kama wewe binafsi unataka kuimaliza, imalize kwa vipande, kwa miezi, kila mara ukianzia kwa mwenyekiti wa kijiji au mtendaji. Kwa vijana, kilomita mbili au tatu kuanzia Sigi zinatosha sana. Fikeni kituoni, lipeni kiingilio, ombeni mwongoza wageni anayelijua tuta. Mwambieni mapema kwamba hamkuja kuona vipepeo, mnataka reli, maana wageni wengi huomba vipepeo. Na Tengeni waendeni siku nyingine kwa basi. Ila huko msitembee juu ya reli ya Tanga. Wako wanaodhani imekufa kwa sababu ilinyamaza miaka mingi, lakini treni zilirudi 2019.

Msiende Machi hadi Mei. Mvua za masika zinalainisha kuta za mikato, na ukuta wa udongo wa mita tatu hauanguki kwa kelele. Ndani ya mkato msikae kula, msipumzike. Nyuki hupenda mapango ya kuta hizo, kwa hiyo anayetangulia asikilize kwanza. Daraja la zamani la aina yoyote, hata likionekana zima, pitieni chini kando yake. Viatu vya kufunika vidole, suruali ndefu, fimbo ya kupapasa mbele kwenye majani. Mtoto akichomwa na chuma, osheni jeraha kwa maji mengi na sabuni na mpelekeni hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo, hata kidonda kikiwa kidogo. Kutu haileti pepopunda, vijidudu vilivyo kwenye udongo ndivyo vinavyoleta, na tundu dogo lililozama ndiko vinakopenda. Akiumwa na nyoka, asitembee, abebwe, msikate wala kufunga kamba. Na mkikuta chuma chenye umbo la chupa, kizito, chenye ncha, msikiguse hata kama mnaamini ni kipande cha kichwa cha treni, maana huenda ni kombora la vita. Wekeni alama kwa mbali, rudini, waiteni askari.

Kwa yale ambayo msitu hauwezi kuwaambia, kuna Tanga mjini kituo cha Urithi, kina picha za zamani na watu wanaopenda kuulizwa. Ukiwa na bando, hifadhi ya picha za makoloni ya Kijerumani ya chuo kikuu cha Frankfurt imewekwa mtandaoni. Tafuta Sigi kwa S, kwa sababu Zigi huko haijulikani. Pale Amani kwenyewe, kituo cha utafiti kilichoanzishwa 1902 ndicho kilichoifanya reli hii isahaulike. Wageni walipanda kwenda kuona bustani ya miti wakaipita stesheni bila kugeuza shingo.

Ile njia yenu ya karibu na chai irudieni na ubao kabla ya yote. Nimesema sidhani ni reli, sijaiona. Mkipata sentimita 10 au chini kwa vipimo kumi mfululizo, na kona zake ni ndefu, niandikie tena, nitakuja mwenyewe na magoti yangu haya. Na kengele ishusheni Ijumaa jioni baada ya gwaride, iwe imerudi mtini kabla ya Jumatatu.